Mwaka wa Gari Lisilong'aa

Papa Deo alizikwa Jumamosi, nami nilirudi nyumbani kutoka makaburini nikiwa na hasira ambayo mpaka leo haijanitoka. Si hasira ya kifo. Alikuwa mzee, aliugua, akapumzika. Ni hasira ya maneno. Pale kwenye kilio, chini ya turubai, kila aliyesimama kuongea alimsifu marehemu kwa kung'arisha magari. Mmoja alisema ungeweza kunyoa ndevu zako ukijitazama kwenye mlango uliopita mikononi mwa Papa Deo. Mwingine akasema Lubumbashi nzima haijapata mtu wa siraji, nta ya kung'arishia, kama yule. Watu walicheka, wakafuta machozi, wakanywa munkoyo, na kusema kweli hakuna aliyetia chumvi. Lakini mimi nilikuwa nimekaa karibu na Mama Shantali, mjane wake, tumeshikana mikono, na wote wawili tulijua kwamba kazi kubwa kuliko zote alizowahi kuzifanya aliifanyia gari lisilong'aa hata kidogo. Hakuna aliyelitaja. Basi nalitaja mimi, kwa sababu nilikuwapo, na kwa sababu nikinyamaza nitalala vibaya.

Mwaka ule nilikuwa nimeacha masomo ya chuo pale Kasapa, na sababu zake hazimhusu mtu. Nilikuwa msichana mwenye maneno mengi na kazi hakuna. Nikaipata kazi kwenye lavaji, ndivyo tunavyoita mahali pa kuoshea magari, kando ya barabara iendayo chuoni. Mwenye lavaji alikuwa Patroni Viane, mtu wa simu mbili na mashati yaliyonyooshwa vizuri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga tu, mwoga wa wateja, mwoga wa mvua, mwoga wa watu wa kodi. Aliyeiendesha kazi hasa ni Papa Deo. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba gari huoshwa kuanzia juu kushuka chini, kwamba kitambaa cha magurudumu hakikutani kamwe na kitambaa cha milango, na kwamba mtu anayeosha gari huku akiimba huosha vizuri kuliko anayeosha huku akilalamika. Mimi nililalamika sana. Alinivumilia, na nadhani nilianza kumpenda kama baba kabla sijajua kwamba ndicho ninachokifanya.

Nyuma ya ukuta wa lavaji kulikuwa na lupango, kiwanja kimoja chenye vyumba vilivyopangwa kwa mstari, choo kimoja na bomba moja lenye tabia zake. Nilipanga chumba kilichobanana na cha Papa Deo na Mama Shantali. Kilikuwa na kitanda, ndoo, misumari miwili ya kutundikia nguo, na ukuta wa matofali ambao fundi hakuufikisha kwenye bati. Ile nafasi ya juu ilipitisha kila kitu: moshi wa majiko ya mbabula, harufu ya samaki wadogo wa ndakala wanaokaangwa, na maneno. Nilijua lini Mama Shantali amekasirika, lini redio yao imeishiwa betri. Mwanzoni niliona aibu kusikia. Baada ya mwezi nilizoea, nikawa nasikia kama mtu anavyosikia jogoo wa jirani.

Wakati wa mvua hakuna aliyemsikia mwenzake, maana bati lilipiga kelele kushinda kanisa la Jumapili. Watu ndani ya vyumba walipaza sauti ili waelewane. Jioni moja mvua ilikuwa ikimwagika hivyo, nami nimekaa kitandani nikikausha nywele, ilipokatika ghafla kama mtu aliyefunga bomba. Papa Deo alichelewa kushusha sauti. Nilimsikia waziwazi, kana kwamba anazungumza na mimi.

"Jicho ya kushoto ilishakufa, Shantali. Na hii ingine minaona moshi tu. Patron akijua, njo mwisho yangu."

 Halafu Mama Shantali akaongea chini chini, kwa muda mrefu, na kwa vipande nilivyovidaka nilielewa kwamba walikwisha kwenda hospitali bila kumwambia mtu. Daktari alisema ugonjwa huo hula macho kuanzia pembeni na hauwezi kurudisha ulichokula. Dawa za matone zingejaribu tu kulinda kilichobaki. Mama Shantali alitaka aseme ukweli kazini. Yeye akasema hapana, mtu wa lavaji asiyeona ni nini, ni mtu wa kukaa mlangoni na kusalimia wapita njia. Nilibaki na taulo kichwani. Nilielewa kila kitu mara moja, na nilitamani nisingeelewa. Alikuwa mtu ambaye siku yake yote, jina lake, hata namna alivyotembea barabarani, vilitoka kwenye ile kazi. Wakimtoa pale wangemtoa kwenye maisha.

Tangu siku hiyo nilianza kuyaona ambayo yalikuwa mbele yangu siku zote. Jikoni kwao, ambako Mama Shantali alinilisha mara nyingi kwa kisingizio kwamba amepika bukari, ugali wetu, nyingi kupita kiasi, nilimwona anaweka samaki upande uleule wa sahani kila siku, matembele upande uleule, na kikombe cha maji kikigusa kidole gumba cha mumewe. Alifanya hivyo huku akisimulia habari za soko, hata mgeni asingegundua. Kazini nilimwona Papa Deo anainama mbele ya kila gari lililokauka, anageuza kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza. Wengine walidhani ni madaha ya ufundi. Kumbe alikuwa anatafuta cheche. Rangi inayong'aa hurudisha jua, na hata ndani ya moshi wake ile cheche aliipata: ikikatika, alijua pana doa, anapita tena, cheche inaunganika. Ndivyo alivyofanya kazi bila mtu kujua.

Sikumwambia kwamba najua. Nilijitia hamnazo, lakini nikaanza kuongea peke yangu. Nikiona ndege ameharibu mlango wa kushoto, nasema kwa sauti, kana kwamba ninawasema ndege, ee, hawa ndege wana chuki gani na milango ya kushoto. Papa Deo anahamia kushoto. Nikiona tope limebaki chini ya taa ya nyuma, naitukana barabara ya Kipushi kwa tope lake linaloganda chini ya taa za watu. Papa Deo anazunguka nyuma na sifongo yake. Hakuniuliza kitu hata siku moja. Vijana wa mashine ya maji waliniona nimerukwa na akili, wakanipa jina la Redio, na kila nilipoingia asubuhi waliuliza kama habari zimeanza. Niliwaacha wacheke. Nilikuwa na fahari ya siri, fahari ya kijinga ya mtu anayedhani anaweza kumbeba mwenzake mgongoni bila mwenzake kuhisi kwamba amebebwa.

Kiangazi kilipoingia, na baridi ya asubuhi, na lile vumbi jekundu linalokaa hata ndani ya sukari, likaja gari la Mama Masika. Mama Masika ni mtu wa Kivu ya Kaskazini, upande wa Butembo, aliyekuja hapa kufanya biashara ya jumla. Malori yake yalipeleka unga na sabuni Kilwa, ile yetu ya ziwani, si ya pwani, na kurudi na samaki wakavu. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kwaya, anayeomba kabla ya kula hata karanga. Gari lake jipya lilikuwa jeep kubwa ya rangi ya jivu la mbabula lililopoa. Halikung'aa popote. Vijana walilizunguka wakiamini kwamba wapaka rangi hawajamaliza, kwamba limetoroka gereji kabla ya mkono wa mwisho. Mama Masika akacheka, akasema ndiyo mtindo wenyewe, inaitwa rangi mati, na akatupa masharti kama anayewakabidhi walezi mtoto. Lioshwe kivulini. Maji mengi kwanza, ili vumbi liondoke lenyewe. Shampuu laini, isiyo na nta. Siraji isikaribie kabisa, wala mashine ya kusugulia. Kukausha ni kuweka kitambaa na kukiinua, si kufuta. Na zaidi ya yote, lisisuguliwe, maana rangi hiyo ikisuguliwa huanza kung'aa pale pale, na iking'aa imeng'aa, hairudi tena.

Papa Deo alisikiliza akiwa amekunja mikono. Aliitikia kila sharti kwa heshima. Mama Masika alipokwenda kukaa kwenye benchi na simu yake, Papa Deo alipitisha kiganja juu ya mlango, akainama, akageuza kichwa taratibu upande huu na upande ule. Alikaa hivyo muda mrefu. Halafu akanyooka na kusema kwa sauti ndogo, bila kumwambia mtu yeyote, "Hii motokari haijibu." Nilikuwa nimeshika ndoo, nikaiweka chini. Gari lile lilikuwa linameza jua na halirudishi kitu. Kwake yeye lilikuwa ukuta.

Basi tuliliosha pamoja, kila wiki, na kwa gari hilo Redio ilitangaza kuliko siku zote. Nilisema kila kitu. Nilisema maji yanateremka vizuri kulia, vumbi limeng'ang'ania karibu na kioo, hapa pana alama za vidole vya mtu aliyekula maandazi. Alama za mafuta zilikuwa adui wa rangi ile. Kwenye gari la kawaida mkono wenye mafuta unafutika kwa kitambaa. Kwenye rangi mati hubaki kama kivuli cheusi, na ukisugua unaharibu zaidi. Tulijifunza kuchanganya spiriti kidogo na maji, kulowesha kitambaa laini, kukigandamiza juu ya alama, kungoja, kukiinua, kurudia. Kinyesi cha ndege tulikifunika kwa kitambaa chenye maji mpaka kilainike chenyewe. Kwa mtu kama mimi, niliyezoea kumaliza mambo kwa nguvu, ile kazi ilikuwa mateso. Papa Deo aliipenda. Alisema ni kama kumwosha mtoto mchanga, huwezi kumkaripia uchafu wake. Mara nyingine aliacha kuimba ili asikie matone yakidondoka, na siku gari lilipotoka safi alikuwa mchangamfu mpaka usiku, nikimsikia kule upande wa pili akimsimulia Mama Shantali habari za gari moja tu. Ninayo furaha hiyo mpaka leo, ile ya kumsikia anajisifu bila kujua kwamba nasikia.

Mwishoni mwa kiangazi akafa mwanakwaya mwenzake Mama Masika, na gari lake likaongoza msafara wa kwenda makaburini. Kila mtu wa mji huu anajua msafara wa kilio ulivyo. Magari huchomekwa matawi mabichi, kwenye boneti, kwenye vioo vya pembeni, ili watu barabarani wajue na wapishe. Vijana hukaa juu ya boneti, huimba, hupiga bati kwa viganja kama ngoma. Ni heshima kwa marehemu, na hakuna mwenye gari anayethubutu kuwakataza. Matawi ya siku ile yalikuwa ya mkaratusi, na mkaratusi una utomvu. Gari lilirudi lavaji na alama za mikono zisizo na hesabu, na katikati ya boneti utomvu umeganda kama gundi. Na Jumamosi ya wiki ileile binti wa Mama Masika alikuwa anaolewa. Gari hilohilo ndilo lingembeba bibi harusi. Mama Masika aliliacha mikononi mwa Papa Deo, akamwambia kwamba anamwamini, akaenda kushughulikia mambo ya harusi.

Mimi sikuwapo. Malaria ilikuwa imeniangusha tangu jana yake, nimejikunja chini ya blanketi, meno yanagongana. Lakini chumba changu na kivuli cha kuoshea vilitenganishwa na ukuta mmoja tu, na masikio yangu hayakuwa na homa. Nilisikia maji. Nilisikia sifongo. Nilisikia Papa Deo anaimba taratibu, na nikajua yuko kwenye boneti, kwa sababu aliacha kuimba. Kitambaa kikisugua rangi mati hutoa sauti kavu, kama mtu anayefuta mkeka. Niliisikia ikianza, kidogo, kwa adabu. Nikangoja inyamaze. Haikunyamaza. Nilijua anachofanya kana kwamba nimesimama ubavuni pake: kidole gumba chake bado kiligusa utomvu, au kilidhani kinaugusa, na macho hayakuweza kumwambia kwamba umetoka, kwamba ulitoka zamani, aache. Niliamka kwenda kumwambia. Nilifika mlangoni, nikaanguka, na Mama Shantali akanikuta sakafuni, akanirudisha kitandani akidhani ninaweweseka. Nililia kwenye blanketi kwa hasira ya kutokuwa na miguu.

Asubuhi nilijifunga kitenge nikatoka, homa ikiwa imepungua. Mama Masika alikuwa amesimama mbele ya gari lake, na Patroni Viane yuko nyuma yake, uso wake kama mtu anayengoja kipigo. Katikati ya boneti ile ya jivu palikuwa na duara linalong'aa, ukubwa wa sahani ya bukari ya watu wawili. Liling'aa vizuri. Lilikuwa kazi safi, kama lingekuwa kwenye gari lingine lolote. Utomvu wote ulikuwa umetoka, na hakuna dawa duniani ambayo ingeizima ile nuru, isipokuwa kupaka rangi upya boneti nzima, na Jumamosi ilikuwa kesho kutwa.

Mama Masika akauliza nani alisugua. Papa Deo hakutafuta mtu wa kumsukumia. Alijifuta mikono, akasogea.

"Ni mimi, Mama."

"Sasa hauone vile inafanya?"

"Minaona, Mama," akasema. "Hapa."

Akanyoosha kidole. Alikinyoosha kwa uhakika, kama fundi anayemwonyesha mteja, na kidole kikatua mbali na lile duara, karibu na ukingo, mahali ambapo rangi ilikuwa nzima kabisa.  Simu ya Patroni ililia na hakuipokea. Wale vijana walioniita Redio walitazama chini, na mimi, mwenye maneno mengi, sikuwa na hata moja. Niliona aibu, siyo kwa ajili yake, bali kwa ajili yetu sote tuliokuwa tunamtazama naye hatuoni. Nilitamani aushushe mkono, na hakuushusha, kwa sababu hakujua.

Mama Masika alikuwa na hasira, na haikutoka usoni mwake. Lakini alisogea, akaushika ule mkono kwenye kifundo, akausogeza taratibu mpaka ukafika juu ya duara.

"Ni hapa, Papa," akasema.

Papa Deo aligusa. Vidole vilitembea kutoka kwenye ukavu wa rangi nzima hadi kwenye ule utelezi, vikarudi, vikaenda tena. Akaelewa kila kitu kwa wakati mmoja, kosa lake na kwamba wote tumejua. Aliomba msamaha kwa sauti ya kawaida, akaokota kofia yake. Mama Masika aliwasha gari akasema tu kwamba wapambaji wataweka maua pale, na akaondoka. Patroni Viane alimwambia Papa Deo akapumzike kwanza nyumbani, ataitwa. Alilisema kwa upole, hawezi kulaumiwa kwa upole wake. Lakini hapa kwetu mtu akiambiwa apumzike kwanza, vijana huanza kugawana ndoo zake.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko malaria. Kule upande wa pili hakukuwa na ugomvi wala kilio; ningevipokea kwa mikono miwili. Kulikuwa na kijiko kinachokoroga, kiti kinachosogezwa mlangoni, na Papa Deo anayesalimia wapita njia. Ndilo jambo lile lile alilokuwa ameliogopa, na sasa alilifanya kwa adabu kamili, akiuliza hali za watu asiowaona. Mama Shantali aliacha kusimulia habari za soko. Jioni moja nilimsikia Papa Deo anamwuliza, bila uchungu, kama mtu anayeuliza bei ya kitu, mikono hii sasa ni ya nini.  Nililala macho kodo, na asubuhi nikapiga moyo konde, nikaenda depo, kwenye ghala la Mama Masika, bila kumuaga mtu.

Harusi ilikuwa imepita. Nilimkuta kati ya magunia, akihesabisha watu marobota ya samaki wa Kilwa, sauti yake ikifika barabarani. Aliponiona alidhani Patroni amenituma kuomba radhi, akasema radhi amekwisha kuisikia. Nikasema sikutumwa. Akanitazama, akaona nilivyokonda, akaniita ndani kwenye kijumba cha nyuma ambako wafanyakazi wake walikuwa wanakula. Alinipa bukari na samaki, akaomba, akaningoja nimeze tonge la kwanza. Nikamweleza yote, tangu ile mvua iliyokatika. Sikumpamba Papa Deo wala sikumlilia. Nilisema alivyotafuta cheche, na jinsi gari lake lilivyokuwa halijibu.

"Nilikasirika, na bado nimekasirika," Mama Masika akasema. "Harusi ya mutoto wangu, na picha zote iko na maua pale katikati kama kaburi. Juu ya nini hakusema?"

"Kusema ni kufukuzwa, Mama. Nani anaweza kusema?"

Akachambua mwiba kutoka kwenye samaki wangu kana kwamba mimi ni mtoto wake. Kisha aliuliza jambo ambalo sikulitarajia. Aliuliza, wiki zile zote za nyuma, gari lilipokuwa linarudi safi mpaka majirani wanamwuliza anaoshea wapi, nani alikuwa analiosha. Nikasema ni sisi wawili, yeye kwa mikono na mimi kwa kuongea. Akauliza kama kuna hata siku moja niliyoliosha peke yangu. Nikasema hapana, na nilijua mwenyewe nisingeweza. Ningelisugua mimi kabla ya yeye. Mama Masika akanawa mikono. Hakusema atafanya nini, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Jumatatu akaja lavaji mapema. Duara lilikuwa pale pale kwenye boneti, na pembeni yake kulikuwa na gundi ya utepe wa harusi. Patroni Viane akakimbia kumpokea, akawaita vijana. Mama Masika akawazuia kwa mkono. Alisema, mbele ya kila mtu, na kwa ile sauti ya kwaya iliyofika hadi kwa wauza mkaa ng'ambo ya barabara, kwamba gari lake litaoshwa na Papa Deo pamoja na Ngoie, ndiye mimi, na kama hawapo wote wawili atalipeleka kwingine, yeye na malori yake.

"Na kila mutu ajue yule Papa haone," akamalizia. "Ikifichwa, njo gari inaharibika. Ikijulikana, hakuna shida."

Patroni akanitazama. Nikazunguka ukuta mbio. Papa Deo alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, mikono juu ya magoti. Nilimwambia Mama Masika amefika na anamngoja yeye, na kwamba watu wote wameambiwa. Alisugua magoti yake kwa viganja mpaka nikaogopa kwamba nimemvunjia kitu ambacho hakitaungika.

"Ulijua depuis lini?" akauliza.

"Tangu mvua, Papa."

"Na haukusema."

"Na weye haukusema."

Mama Shantali, aliyekuwa ndani, alicheka kwanza, kicheko kilichochanganyika na machozi. Halafu Papa Deo naye akatabasamu kidogo, akauliza viatu vyake vya kazi viko wapi. Hakutaka nimshike. Aliifuata njia aliyoijua, mkono ukigusa ukuta, akaingia lavaji na kuwasalimia wote kwa majina, kila mmoja kutokana na mahali sauti yake ilipotokea. Vijana wakamrudishia ndoo zake. Mmoja wao alifanya haraka kuliko inavyohitajika, kwa aibu.

Tulianza kama zamani. Maji mengi. Shampuu. Nilikuwa nimekwisha fungua mdomo kuitukana gundi ya utepe, kwa mazoea, nikaufunga. Papa Deo alilowesha kitambaa kwa spiriti na maji, akakigandamiza kwenye boneti, akangoja, akakiinua. Kidole gumba kikapita juu ya pale. Nilimwona akisita, mkono umebaki hewani, kama siku ile. Vijana walizima mashine ya maji. Nadhani hata wao walielewa kwamba anapigana na kitu ambacho miezi yote ile hakuwahi kukishinda, na mimi nilishika ukingo wa ndoo kwa nguvu nisije nikamsaidia. Kisha akageuka upande wangu, si kamili, kiasi tu, na akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Ngoie, angalia hapa. Inabakia kitu?"

"Inabakia, Papa," nikasema. "Kidogo tu, kuume."